Shusha

Nianze na mikono yangu, maana ndiyo iliyofanya kosa.

Mdogo wangu, kitinda mimba wetu, ana miaka 9. Nyumbani tunamwita Kitinda. Ana usonji. Haongei kama mimi na wewe, msomaji. Maneno yake mengi ameyaokota kwa makonda wa daladala. Akitaka kutoka nje atasema, "Mbagala, Mbagala, Rangi Tatu!" Akishiba atasema, "Gari imejaa." Na akitaka jambo likome, iwe ni kunyolewa nywele au kelele za mashine ya kusaga, ana neno moja tu: "Shusha!"

Mwaka jana alianguka kutoka juu ya ukuta wa jirani. Mkono wa kushoto ukavimba karibu na kifundo. Hakulia. Alikuwa anavuma tu kama nyuki, na mimi mvumo ule naujua. Mama alikuwa sokoni, basi nikampakia kwenye bajaji, huyoo mpaka hospitali.

Tulikaa kwenye foleni saa tatu nzima. Juu yetu taa moja ya urefu inapepesa, pembeni feni inalia kwiii, kwiii, na kila mlango ukifunguliwa unajibamiza. Kwako na kwangu hayo ni makelele ya kawaida. Kwa Kitinda kila mlio ulikuwa kofi. Tulipoitwa chumba cha eksirei, alikuwa ameshajaa mpaka shingoni.

Kaka aliyekuwa zamu alikuwa peke yake, na nyuma yetu watu hawapungui 20. Simlaumu sana. Akaushika ule mkono uliovimba aulaze kwenye meza. Kitinda akapiga yowe, akajikunyata pembeni.

"Mshikeni," kaka akasema.

Akaitwa mlinzi, akaitwa mhudumu, akaja na baba mmoja kutoka kwenye foleni. Miguu ikapata mwenyewe, kiuno kikapata mwenyewe. Mimi nikakamata mabega.

"Shusha!" Kitinda akapiga kelele. "Shusha! Konda, shusha!"

Yule baba akacheka, akadhani mtoto anaota yuko kwenye gari. Mle ndani nilikuwa peke yangu ninayeijua lugha ile. Na sikushusha. Nilizidi kukandamiza.

Picha ya kwanza ikatoka na ukungu kwa sababu alicheza. Ikabidi irudiwe, yaani apigwe mionzi mara nyingine na sisi tumkabe mara nyingine. Ya pili ikaonyesha mfupa umepinda kama kijiti kibichi, upande mmoja umevunjika na mwingine umeshikilia. Mifupa ya watoto mara nyingi huvunjika hivyo. Akafungwa hogo tukarudi nyumbani. Usiku ule alilala amenipa mgongo. Kwa wiki nzima, kila nikimgusa bega alisema, taratibu kabisa, "Shusha."

Mama akaniambia, "Mwanangu, ulimshika ili apone. Usijitese." Maneno ya mama ni dawa, lakini ile haikuniingia.

Mimi nikikosa raha nakimbilia vitabu. Nikasoma kwamba daktari Leo Kanner, alipoandika mwaka 1943 kuhusu watoto 11 wa namna hii huko Marekani, alieleza jinsi walivyotishwa na vitu vyenye mlio: lifti, mashine ya kufyonza vumbi, hata upepo. Nikasoma pia kwamba Wilhelm Röntgen, Mjerumani aliyegundua eksirei mwaka 1895, alianza na mkono wa mkewe, na mama yule alitakiwa autulize kwa dakika kama 15. Leo picha ya mkono haichukui hata sekunde moja. Watu wanne tulimkaba mtoto, jasho linatutoka, kwa ajili ya kitu kifupi kuliko kupepesa jicho! Mke wa Röntgen hakukabwa na mtu. Nadhani alitulia kwa sababu alimwamini aliyemwomba.

Baada ya wiki kadhaa tulitakiwa kurudi kwa picha ya kuangalia kama mfupa umeunga. Safari hii nilikwenda siku moja kabla, peke yangu. Nikamkuta mama mmoja wa makamo, mtaalamu wa mionzi. Nikamweleza kila kitu, hata habari ya makonda. Hakucheka. Akaniruhusu nipige picha ya meza, ya mashine na ya ile taa inayomulika mkono ikiwa na kivuli cha msalaba katikati. "Mlete saa moja asubuhi, mwanangu," akasema, "kabla watu hawajajaa."

Jioni ile tukafanya mazoezi. Meza ya kulia chakula ikawa meza ya hospitali, tochi ikawa mashine. Laza mkono, hesabu mpaka tano, toa mkono. Mara ishirini na kitu. Mama naye akalaza mkono wake, akahesabiwa na Kitinda.

Asubuhi yule mama akaniuliza kwanza kama nina mimba, nikaona aibu, kumbe ndiyo taratibu yao. Akanivalisha vazi zito la risasi nibaki ndani. Kisha akainama usawa wa Kitinda, akamwambia, "Baba, ukisema shusha, naacha."

Alipomgusa tu, "Shusha!"

Akainua mikono yote miwili juu, kama mtu anayekamatwa na polisi. Kitinda akamkodolea macho. Nadhani hajawahi kuona neno lake likifanya kazi haraka namna ile. Akaangalia meza, akaangalia taa, akalaza mkono mwenyewe. Moja, mbili, tatu, nne, tano. Akaugeuza ubavu kwa picha ya pili, kwa sababu mfupa hauaminiwi kwa upande mmoja. Basi. Hatukufika hata dakika kumi.

Ningependa kuishia hapo, lakini maisha hayakuishia hapo. Tangu mwaka huu uanze Kitinda ameanguka kifafa mara mbili, na daktari anataka apimwe kichwa kwa MRI. Kule hakuna mionzi, kuna sumaku kubwa. Lakini unaingizwa kwenye tundu, unatulia nusu saa au zaidi, na mlio wake waweza kupita desibeli 100, ndiyo maana unaziba masikio. Chuma hakiingii. Sarafu yake ya shilingi 200, nauli anayotembea nayo kila mahali, itabidi nibaki nayo mimi. Daktari amesema ikishindikana atalazwa kwa dawa, akiwa na njaa tangu usiku, na mtaalamu wa usingizi akimwangalia pumzi. Tukifika huko tutafika, wala si aibu.

Kwa sasa tuko chini ya meza kila jioni. Yeye amelala chali na pamba masikioni, mimi juu nagonga sufuria kwa mwiko. Tulianza na dakika moja. Jana tulifika dakika 12, nikasikia sauti ndogo: "Shusha."

Nikaacha palepale. Nikaweka mwiko chini, nikasubiri. Sikumbembeleza, sikumharakisha. Nje muuza ubuyu akapita, akapotelea mtaa wa pili.

Kisha mkono wa kushoto, ule uliovunjika, ukagonga mguu wa meza mara mbili, kama konda anavyogonga bodi.

"Twende."