Anayelipia Benchi

Tunduma haina ufuko. Tuna mpaka, tuna foleni ya malori, tuna vumbi la kiangazi linaloingia mpaka kwenye kopo la sukari, ila maji ya kukaa kando yake ukayatazama hatuna. Ziwa Rukwa liko bondeni huko, mbali na mji. Mto Songwe unapita Ileje ukitutenga na Malawi. Mjini kwenyewe, tangu nipate akili, maji ni ya kupanga ndoo. Kwa hiyo bustani ya kando ya maji niliijulia ugenini, na aliyenipeleka ni dada yangu mkubwa, ambaye miaka ya tisini alikuwa akichuuza vitu vya Unguja.

Unguja wakati ule ushuru ulikuwa mdogo, maduka ya Darajani yamejaa redio, televisheni na vitenge, na watu wa bara walivuka kwa wingi kununua. Dada alipanda Tazara hapa Tunduma, akashuka Dar es Salaam, akavuka, akanunua, akarudi na Flying Horse, boti lililosafiri usiku. Mzigo wake haukulala dukani. Wateja wa Nakonde walivuka na kwacha zao wakauchukua ukiwa bado kwenye maboksi. Likizo moja akanichukua nikamlindie mzigo, maana boti la usiku halina ndugu.

Jioni yake, kabla ya safari ya kurudi, akanipeleka Forodhani. Bustani ilikuwa imechoka: majani yamekanyagwa yakabaki udongo mtupu, ukuta wa bahari una nyufa. Lakini watu! Karabai zinawaka juu ya meza za wachoma samaki, pweza anakatwakatwa, gurudumu la mashine ya miwa linazungushwa kwa mkono, vijana wanachupa baharini kutoka ukutani na kupanda tena wakitiririka maji, wazee wamekaa na kanzu zao wanazungumza bila haraka. Tukakaa ukutani. Dada akasema, "Hapa unakaa bure, mdogo wangu. Kwetu ukisimama mahali dakika kumi mtu anakuuliza unauza nini."

Sikuona kibao cha kampuni yoyote, wala sikukitafuta. Wakati ule mahali pa umma palikuwa pa serikali. Pakipendeza ni serikali, pakichakaa ni serikali.

Baadaye, nilipokuwa mwalimu na kusoma kila karatasi iliyopita mbele yangu, nilikuja kujua kwamba ufuko ule haukuwahi kukosa mwenye fedha nyuma yake. Karne ya 19 forodha ya Sultani ilikuwa hapo mbele ya Ngome Kongwe, na Sultani hakuikusanya mwenyewe. Aliikodisha kwa nyumba ya biashara ya Jairam Shivji, Wahindi wa Kutch, waliomlipa kiasi walichopatana kwa mwaka. Kilichozidi kilikuwa chao. Mwaka 1905 ikaja hapo treni ya Bububu, reli ya kampuni ya Kimarekani, Arnold Cheney. Bandari ilipohamia Malindi ya hukohuko Unguja eneo likabaki wazi, na mwaka 1936 likafanywa bustani ya kuadhimisha miaka 25 ya Sultani Khalifa bin Haroub kwenye kiti. Kuna hata lango dogo lililojengwa mwaka 1956 kumpokea Princess Margaret wa Uingereza, ambaye, kwa wanavyosimulia wenyeji, alishukia kwingine. Lango likabakia wavuvi na watoto wa kuchupa. Katika wafadhili wote wa mahali pale, huyo ndiye ninayempenda zaidi: aligharimiwa, hakutokea, na faida wakaila wengine.

Huku nyumbani, majina ya kampuni yalianza kuingia kwa rangi. Uwanja wetu wa mpira ulisafishwa kwa msaragambo. Madarasa tuliyosomea yalijengwa kwa tofali walizofyatua wazazi, na kama palikuwa na maandishi ukutani yalikuwa jina la shule na kauli mbiu ya elimu. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 zikaja kampuni za simu, na pamoja nazo mafundi wenye ndoo za rangi. Walipita mtaa kwa mtaa wakiomba kuta. Mwenye kibanda hakulipwa chochote zaidi ya rangi yenyewe, na alishukuru, kwani nani angempakia ukuta bure? Jirani yetu mmoja alikubali ukuta wake uwe wa njano na nyekundu za Celtel. Mwaka 2008 Celtel ikawa Zain, mafundi wakarudi. Mwaka 2010 Zain ikawa Airtel, wakarudi tena. Mvua iliponyesha sana na rangi kubanduka uliweza kuziona zote tatu kwa mpigo. Upande wa pili wa barabara ukuta wa bluu wa Vodacom nao ukageuka mwekundu mwaka 2011, na mji mzima ukaonekana una homa. Siku hizi nikipita penye kuta za Tigo naona Yas, jina lililoanza mwaka 2024. Jirani yule na kibanda chake hawajabadilika jina.

Mimi sikuliona hilo kuwa tatizo, na bado silioni kuwa kubwa. Ukuta ni wa mtu. Habari ilikuwa nyingine majina yalipohamia kwenye vitu vya wote. Benki ya NMB, kwa mfano, hutenga asilimia moja ya faida yake baada ya kodi kwa ajili ya jamii: madawati, mabati, vitanda vya hospitali. Mwaka 2016, Rais Magufuli alipotaka kila mtoto akae kwenye dawati, kampuni na benki nchi nzima zilijitokeza. Kama mwalimu nasema dawati ni dawati. Mtoto aliyekuwa akiandika juu ya goti hajali nembo iliyo ubavuni. Kilichonikera ni siku ya makabidhiano katika shule moja, nisiyoitaja wala mfadhili wake: watoto walipangwa juani tangu asubuhi kwa sababu mpiga picha alichelewa, na wageni walipoondoka mwalimu mkuu alibaki akitafuta nani atanunua misumari dawati la kwanza litakapovunjika. Misumari haina makabidhiano.

Unguja nilirudi tena bustani ikiwa imezungushiwa uzio. Ilikuwa 2008. Aga Khan Trust for Culture walikuwa wameshika kazi ya kuijenga upya, na wauzaji wa chakula walikuwa wamehamishwa. Minong'ono ilikuwa mingi. Kijana aliyeniuzia urojo aliapa kwamba bustani imeshauzwa, kwamba ikifunguliwa itakuwa na geti na tiketi, na sisi wa mishikaki ya kula kwa kusimama tutaonyeshwa njia. Sikumlaumu. Mtu ambaye ameona fukwe ngapi zikizungushiwa ukuta wa hoteli ana haki ya kuogopa uzio wa mabati, hata wa mafundi.

Ilifunguliwa Julai 2009, Rais Amani Abeid Karume na Aga Khan mwenyewe wakiwapo. Nilipoiona ilinibidi nisimame. Ukuta wa bahari umejengwa upya, mitaro ya maji ya mvua imewekwa, taa zinawaka, majani yamerudi, watoto wana sehemu yao ya kuchezea, mabenchi yanatazama bahari, wauzaji wamepangiwa eneo lao la sakafu na baadhi yao wamevaa kofia nyeupe za wapishi. Geti la tiketi halikuwepo. Vijana walikuwa bado wanachupa.

Nililitafuta jina la mfadhili. Lipo, kwenye jiwe, kwa herufi za kusomwa na anayesogea karibu. Hakuna benchi lililopakwa rangi zake. Nikajiuliza kwa nini mtu atoe fedha zote hizo halafu aandike jina lake kwa udogo namna ile, na jibu moja lilikuwa umbali wa kutembea kwa miguu: hoteli ya Serena pale Shangani, iliyofunguliwa mwaka 1997, ni ya familia hiyohiyo ya taasisi za Aga Khan. Wapo wanaolisema hili kwa kunong'ona kana kwamba ni siri chafu. Mimi naliona kuwa ndiyo sehemu yenye akili zaidi katika habari nzima. Mwenye hoteli jirani na ufuko anadhurika ufuko ukinuka. Ana sababu ya kuuangalia mwaka wa tano na wa kumi, wakati meneja wa masoko aliyekuja kwa picha atakuwa keshahamishiwa kampuni nyingine.

Si kila mji umepita njia hiyo. Mombasa bustani ya ufukweni ya Mama Ngina ilijengwa upya kwa fedha za Serikali ya Kenya, shilingi zao milioni 460, na sherehe za Mashujaa za mwaka 2019 zikafanyiwa hapo. Na pale Unguja, hatua chache kutoka Forodhani, jumba la Beit al-Ajaib lilikuwa likikarabatiwa kwa fedha za Oman wakati sehemu yake ilipoanguka Desemba 2020. Mlipaji anaweza kuwa serikali yako, serikali ya nchi nyingine, taasisi, au kampuni ya soda, na kila mmoja ana anachokitaka. Mimi huanza kwa kuuliza anataka nini, na kama ninaweza kukaa nacho.

Kwetu fedha za nje zilikuja na kituo cha pamoja cha forodha, kilichojengwa kwa fedha za Uingereza kupitia TradeMark East Africa na kuzinduliwa Oktoba 5, 2019 na marais Magufuli na Edgar Lungu. Kazi nzuri, majengo safi, vibao vya wafadhili mahali pake. Ila ni mahali pa kupita. Mji uliokuwa na karibu watu laki moja kwenye sensa ya 2012 ulivuka laki mbili mwaka 2022, na bado hauna mahali ambapo mama mwenye mtoto mgongoni anaweza kukaa chini ya mti bila kununua soda.

Ndiyo maana mtaani kwetu tuliunda kamati. Kuna kipande cha ardhi kando ya barabara, kilichosalia katika upimaji, na mimi, kwa kosa la kuwa mwalimu mstaafu mwenye mwandiko mzuri, nikafanywa katibu. Tukaandika barua za kuomba udhamini. Tulipanga ngazi kama tulivyoona wengine wakifanya: mwenye kidogo alipie mti, mwenye kiasi benchi, mwenye nacho lango na choo. Kijana mmoja wa kamati alitaka hata majani yapewe mdhamini.

Kampuni ya kwanza ilijibu haraka, jambo lililotutia hofu. Ilikuwa tayari kujenga yote. Kwa upande wetu tungeita bustani kwa jina lake, uzio upakwe rangi yake, na ndani pasiuzwe wala kuonekana chochote cha mshindani. Tukasoma tena hilo la kuonekana. Wakala wa fedha wa mtaani kwetu anakaa chini ya mwavuli wa kampuni moja, amevaa fulana ya nyingine, na mezani ana simu za zote. Mama anayeuza chai ana meza yenye nembo ya soda. Hao ndio watu wa bustani. Mzee mmoja, fundi baiskeli, akauliza kwa upole: "Mwalimu, na mimi nikija na kofia yangu hii ya Yanga nitaruhusiwa?" Tukacheka, tukaandika barua ya kushukuru na kukataa.

Barua ya pili tuliiandika kwa kuikumbuka Serena. Nani anadhurika eneo lile likiwa jalala? Wenye yadi za malori, wenye gesti, mawakala wa forodha wanaokaa na madereva siku nzima wakingoja karatasi. Hatukuomba lango. Tuliomba mshahara wa mfagiaji na bili ya maji kwa miaka mitatu, na tukaweka sharti: kibao kimoja kwa wote, kisichozidi ukubwa wa ubao wa darasani, majina kwa alfabeti, na asiwepo wa kumzuia mtu kukaa. Wengine walitucheka. Nani hutoa fedha apate kumlipa mfagiaji?

Wenye yadi walikubali, tena bila kutaka majina yao yaandikwe. Nadhani wengine hawapendi sana kuonekana na mamlaka ya mapato wakiwa na fedha za kugawa. Walikuwa na ombi moja. Sisi tulikuwa tumechora mabenchi yakielekea ndani, kwenye miti. Wao wakataka yageuzwe yatazame barabara, dereva apumzike huku macho yako kwenye lori lake, maana mafuta hunyonywa mchana kweupe. Kamati ilibishana jioni nzima. Akina mama walitaka kuwatazama watoto wao, sio malori. Mwisho tumeyagawa: ya upande wa kusini yanatazama barabara, ya kaskazini yanatazama miti, na fundi ameshachimba mashimo ya nguzo.