Majina ya Vinyago: Utambulisho wa Kimakonde katika Sanaa ya Dar es Salaam

Wageni wanaonitembelea Kimara huniomba mara kwa mara niwapeleke Mwenge wakanunue kinyago "halisi" cha Kimakonde. Kivumishi hicho kimenishughulisha kwa miaka mingi.

Hudhaniwa kwamba uhalisi ni ukale: kwamba Wamakonde waliotoka Mueda, Msumbiji, wakavuka Mto Ruvuma kutafuta kazi katika mashamba ya mkonge, walikuja na sanaa iliyokwisha kukamilika, na kwamba yote yaliyoongezwa Dar es Salaam ni ya kuwafurahisha watalii. Istilahi za wachongaji wenyewe zinapinga dhana hiyo. Mapiko, yaani barakoa zinazovaliwa katika ngoma zinazohusiana na jando na unyago, yana jina la Kimakonde. Lakini mitindo mitatu iliyoivumisha sanaa hii duniani, yaani ujamaa, shetani na mawingu, ina majina ya Kiswahili, kwa sababu ilikua katika mazingira ya Kiswahili.

Tuchukue mtindo wa ujamaa, ile nguzo ya mpingo yenye watu waliobebana. Chanzo chake hunasibishwa na Roberto Yakobo Sangwani, katika miaka ya 1950, na jina lake la awali lilikuwa dimoongo, neno la Kimakonde lenye maana ya nguvu. Baada ya Azimio la Arusha la 1967, jina la siasa ya taifa lilishika nafasi yake. Hivyo Mmakonde alipata kusomeka kama Mtanzania, lakini nguvu ikatoweka katika jina.

Mtindo wa shetani, unaohusishwa na Samaki Likankoa mwishoni mwa miaka hiyohiyo ya 1950, unadhihirisha hasara kubwa zaidi. Neno hili lenye asili ya Kiarabu limebeba uovu wa kidini. Ilhali viumbe wanaochongwa, akiwamo nnandenga, aghalabu ni wacheshi na watukutu. George Lilanga, aliyefariki mwaka 2005, aliwahamishia viumbe wa namna hiyo kwenye michoro ya rangi, wakicheza na kutaniana. Atakayeifasiri kazi yake kwa kutegemea kamusi ya Kiswahili pekee ataona jahanamu palipo na utani.

Kwa hiyo, ninashikilia kwamba kinyago cha leo ni halisi sawasawa na cha kale. Kinachohitaji kunusuriwa ni maneno. Wazee waliozaliwa Mueda wanapungua, na wajukuu wao ninaokutana nao hawazungumzi Kimakonde. Wanafunzi wetu wa uzamili wangefanya jambo la maana kuzikusanya istilahi hizo kwa wachongaji. Mwaka 2010, Tanzania ilirejeshewa kutoka Geneva barakoa ya Kimakonde iliyoibwa katika Makumbusho ya Taifa mwaka 1984. Neno likipotea, hakuna makumbusho ya kulirejesha.