Moyo wa Mkonge

Ijumaa usiku, jikoni kwangu Tabata, napima vitu vitatu kwa kikombe kidogo cha dawa ya kikohozi: mililita 30 za tequila, 30 za Campari, 30 za vermouth tamu. Naweka barafu, nakoroga taratibu mpaka glasi itoke jasho, halafu ganda la chungwa juu. Ni ile Negroni ya Waitaliano, ila mimi natumia tequila badala ya jin.

Ni chungu, lakini si kama shubiri. Shubiri unakunja uso, unatema, basi. Hiki kinakaa ulimini na kukuita tena.

Baba, aliyekuja kwa matibabu, akanikuta hapo. Yeye hanywi, na mimi sijawahi kunywa mbele yake. Nilisubiri maneno. Badala yake akavaa miwani, akaishika chupa, akatazama picha.

"Huu si mkonge?"

"Ni ndugu yake, baba. Wote kwao Meksiko."

Nikamweleza kwamba hata mkonge wetu ni mgeni: mwaka 1893 Mjerumani Richard Hindorf aliagiza miche kutoka Florida, ikafika hai 62 tu. Akacheka kidogo. Babu alitolewa Songea kuja Korogwe kama manamba kwa ajili ya watoto wa miche hiyo. Baba alizaliwa kambini, akakata majani mpaka utomvu ukamharibu mikono. Chini ya jicho lake la kushoto bado ana kovu la mwiba.

"Na hawa wanakataje?"

"Majani wanayatupa. Wanangoja miaka sita, saba, wanachimbua moyo, wanauoka, wanaukamua."

Akanyamaza. Friji ikanguruma, ikatulia.

"Sisi tulipeleka majani korona," akasema. "Moyo tuliuacha shambani ukaoza."

Kiswahili kina neno moja, uchungu, kwa ladha ya glasi hii na kwa kile nilichokisikia kwenye sauti yake. Sikujua la kujibu. Nikasogea kwenye sinki nimwage.

"Unafanya nini?"

"Nakuheshimu, baba."

"Kunywa, mwanangu. Kuna mtu ameukata huo."

Akavuta kiti, akaketi, akaomba chai ya rangi. Nikamchemshia. Nina miaka 43, na usiku ule nilikunywa mbele ya baba yangu kwa mara ya kwanza. Barafu ilikuwa imeshayeyuka.