Beba Hivi

Mtu wa Unyamwezi humwambii asibebe mzigo. Ukimwambia atakuitikia kwa adabu, "Sawa, daktari," kisha atatoka nje, atajitwisha gunia lake la mchele, na safari itaendelea. (Mimi si daktari, ila Tabora kila mwenye koti jeupe ni daktari, na nilichoka kukanusha.) Nililielewa hilo mapema katika kazi yangu ya fiziotherapia, na karibu kila nilichofanya baadaye kilitokana nalo.

Huku kubeba kulikuwa fani. Katika karne ya 19, misafara ya kutoka Bagamoyo kuja Unyanyembe, yaani hapa Tabora, na kuendelea hadi Ujiji ilitegemea wapagazi, na wengi wao walikuwa Wanyamwezi. Pembe za ndovu zilishuka pwani. Nguo, shanga na waya wa shaba vikapanda bara, vyote mabegani na vichwani, kwa kuwa mbung'o waliua wanyama wa kubeba. Mzigo wa kawaida ulikuwa kilo 30 hivi, na juu yake mpagazi aliongeza mkeka wake na chakula chake. Kijana ambaye hajafika pwani alihesabiwa bado mtoto. Reli ilipofika Tabora mwaka 1912 kazi ile ikafifia, lakini sifa yake ilibaki. Wazee niliowahudumia miaka ya 1990 walikuwa wajukuu wa watu wale, na waliyataja mabega ya babu zao kama wengine wanavyotaja mashamba ya urithi.

Nilisomea KCMC, Moshi, nikapangiwa Tabora, nikashuka na treni ya Reli ya Kati alfajiri moja ya kiangazi. Kichwani nilikuwa na mifupa, misuli na mishipa ya fahamu, pamoja na orodha ndefu ya mambo ambayo mgonjwa wa kiuno hatakiwi kuyafanya: asiiname, asinyanyue kitu kizito, asikae chini muda mrefu. Orodha ile ukiisoma mbele ya mkulima anayeinua matuta kwa jembe la mkono, unakuwa umemwambia asiishi.

Mzee mmoja wa upande wa Uyui ndiye aliyenifundisha kuipanga upya.

"Shikamoo, babu."

"Marahaba, mwanangu. Kiuno kimekata."

Alikuwa ameshalala kitandani siku nyingi kwa ushauri wa majirani, amekandwa kwa maji ya moto, amechomwa sindano, na picha ya eksirei aliibana kwapani kama hati ya kiwanja. Nilimpima. Nguvu za miguu zilikuwapo, ganzi hakuna, haja ndogo na kubwa zilitoka bila shida. Nikatandika mkeka, nikamwomba alale kifudifudi kisha ajiinue kifua kwa mikono, kiuno kikibaki chini. Alijaribu mara chache, akageuza shingo kunitazama. "Nimekuja kutibiwa, wewe unanichezesha?"

Swali lile niliulizwa kwa maneno mbalimbali miaka yangu yote ya kazi. Watu walitaka mikono yangu, mafuta, mashine yenye taa. Mimi nilitaka miili yao ifanye kazi yenyewe, jambo ambalo mgonjwa aliyelipa nauli analiona kama kudhulumiwa. Ilinibidi nieleze, tena na tena, kwamba maumivu mengi ya kiuno hupungua yenyewe katika wiki chache; kwamba anayelala sana misuli yake hulegea, na akirudi shambani mzigo uleule unamlemea zaidi; kwamba pingili zilizochakaa kwenye picha huonekana hata kwa watu wasioumwa chochote. Babu yule nilimwambia arudi kwenye jembe, ila aweke mpini mrefu zaidi, abadilishe mkono wa mbele kila tuta, na kila anapomaliza tuta asimame, ashike kiuno, ajinyooshe kwa nyuma. Alirudi baada ya mavuno, hana malalamiko, amemleta mkewe mwenye goti.

Msimu wa tumbaku ulikuwa na maradhi yake. Ukienda Urambo au Kaliua wakati wa kuchambua majani, utawakuta akina mama wamekaa sakafuni tangu asubuhi, miguu wameinyoosha, wamepinda mgongo, wanapanga madaraja. Jioni wanashindwa kusimama. Wao sikuwapa mazoezi ya kliniki. Nilikaa nao chini, nikawaambia wimbo ukiisha kila mtu ainuke, atembee hadi mlangoni na kurudi. Waliimba sana, kwa hiyo waliinuka sana. Baadaye wenye ghala wawili watatu waliweka meza za kusimamia, wakagundua kwamba kazi haikupungua. Nikiwa kwenye mabani niliwaambia pia wavunaji wasiguse majani yenye umande kwa mikono mitupu, maana nikotini hupenya ngozini ikaleta kichefuchefu na kizunguzungu, ingawa hilo halikuwa la idara yangu.

Kuhusu ndoo ya maji nilibishana na wenzangu waliosoma kuliko mimi. Ndoo ya lita 20 ni kilo 20 na zaidi, na wapo waliotaka kuwakataza kina mama kujitwisha. Lakini mwaka 1986 watafiti waliowapima wanawake wa Kijaluo wanaobeba kichwani na wa Kikikuyu wanaobeba kwa mkanda wa kipaji cha uso walichapisha matokeo katika jarida la Nature: mzigo usiozidi asilimia 20 ya uzito wa mwili haukuwaongezea matumizi ya nguvu hata kidogo. Mwili uliozoea tangu utoto una maarifa yake. Ndoo ya kilo 20 inavuka kiwango hicho kwa wanawake wengi, na ubaya huwa pale inaponyanyuliwa kutoka chini huku kiuno kimepindwa pembeni. Basi nikahubiri kata nene, kutwishana wawili, na dumu dogo kwa mtoto.

Wanafunzi waliokuja kwa mafunzo ya vitendo niliwapeleka Kwihara, kwenye tembe alikokaa mmisionari David Livingstone hadi Agosti 1872. Watembezi huonyesha milango na barua. Mimi nilizungumza juu ya bega. Simba alimtafuna mkono wa kushoto mwaka 1844, mfupa wa juu haukuunga, pakabaki kiungo cha uongo, na kwa mkono huo alizunguka Afrika karibu miaka 30. Maiti ilipofika London mwaka 1874, mfupa ule ndio uliothibitisha kuwa ni yeye. Watumishi wake Chuma, Susi na wenzao walikuwa wameubeba mwili wake kutoka kijiji cha Chitambo alikofia, wakapita hapahapa Unyanyembe, hadi Bagamoyo, safari ya miezi kadhaa. Hakuna aliyewapima shingo.

Nilichokipiga vita bila huruma ni vidonge. Diklofenaki inauzwa duniani kote na kwa siku chache inasaidia, lakini niliona wapakiaji wanaoimeza kila asubuhi kabla ya kazi, mwaka hadi mwaka, na hiyo ndiyo njia ya vidonda vya tumbo na figo kuharibika. Mikanda ya kiuno pia. Desemba 2023, nikiwa nimeshastaafu, Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo wa maumivu sugu ya kiuno: elimu, mazoezi na kurudi kwenye shughuli vimo; mikanda na kuvutwa kwa mashine havishauriwi. Nilimsomea mke wangu kwa sauti. Akasema sasa nitazidi kiburi.

Pamoja na hayo, si kila kiuno ni cha mazoezi. Anayeumwa zaidi usiku, akakonda na kupata homa za jioni, huenda ana kifua kikuu cha uti wa mgongo. Anayepata ganzi sehemu za siri au kushindwa kuzuia mkojo anahitaji hospitali siku hiyohiyo, na mkeka hauwezi kumsaidia.

Kazi yangu ya mwisho kabla ya kustaafu ilikuwa kwa wapakiaji wa marobota ya tumbaku. Niliwafundisha kusogeza robota kifuani, kupinda magoti, kugeuka kwa miguu badala ya kiuno, na robota zito libebwe na wawili. Walijifunza haraka kuliko mwanafunzi yeyote niliyewahi kuwa naye. Kisha kiongozi wao akainua mkono.

"Daktari, sisi tunalipwa kwa robota. Tukibeba wawili, nani anamlipa wa pili?"

Sikufundishwa hilo Moshi. Nilinyamaza, wakajadiliana wenyewe kwa Kinyamwezi. Wakaafikiana kuandikishana jozi: hesabu ya siku inajumlishwa, inagawanywa katikati. Vijana wawili walikataa, wakasema wao wana nguvu, watabeba peke yao na kuchukua chao chote. Mzee mmoja aliyekuwa amekaa juu ya robota akawaambia wasimame karibu na yeye wakati wa kupakia, ili wakianguka asipate shida ya kwenda mbali kuwaokota.