Kupima Kabla ya Kuhukumu

Wengi wetu walimu hatuna motokaa, lakini ni nani asiyezitegemea? Huku kwetu milimani, katika wilaya ya Lushoto, kabichi, karoti na nyanya za wakulima hazifiki sokoni bila pikapu, na mgonjwa anayezidiwa usiku hupakiwa katika pikapu hiyo hiyo. Gari moja likikataa kuwaka, mwenye gari hapati hasara peke yake, bali na majirani zake pia. Kwa hiyo nimeona yafaa niwaeleze jinsi ugonjwa wa gari la namna hiyo unavyotafutwa, maana njia yake ni ya akili wala si ya uganga, na mtu ye yote mwenye subira aweza kuifahamu.

Kwanza tuijue kazi yenyewe. Zamani motokaa ziliwashwa kwa nguvu za mikono. Mtu alisimama mbele ya injini akazungusha chuma, na mara nyingine chuma kile kilirudi nyuma kwa ghafula kikamvunja mkono. Mwaka 1911 Mmarekani aitwaye Charles Kettering alitengeneza mashine ya umeme ya kuzungusha injini, na mwaka 1912 mashine hizo zikatiwa katika magari ya Cadillac. Hiyo ndiyo tuiitayo stata. Dereva azungushapo ufunguo, umeme mdogo hupita katika swichi na kuiamsha sumaku iliyo juu ya stata. Sumaku huvuta kipande cha chuma, nasi twasikia “tak”, na chuma hicho huunganisha njia ya umeme mkubwa utokao katika betri. Umeme huo huenda kwa waya mnene mpaka kwenye stata, ukaizungusha, kisha hurudi katika betri kwa kupitia chuma cha injini na waya mnene wa pili. Njia hii ya kurudi ndiyo watu waisahauyo, na kumbe bila ya kurudi hakuna kwenda.

Basi gari lisipowaka, kuna njia ya kuliuliza kabla ya kufungua msumari hata mmoja. Washa taa za mbele, kisha zungusha ufunguo. Ikiwa taa zinafifia sana au kuzimika, na sauti ni tak-tak-tak mfululizo, ishuku betri iliyoishiwa nguvu, au vichwa vya betri vilivyolegea. Ikiwa taa zinang’aa na husikii sauti yo yote, shuku njia ya umeme mdogo, yaani swichi, fyuzi, au waya mwembamba uendao kwenye sumaku. Lakini ikiwa taa zinang’aa, na sauti ni “tak” moja tu kisha kimya, basi sumaku imefanya kazi yake, ila umeme mkubwa haufanyi yake. Hapo ugonjwa umo katika stata yenyewe au katika nyaya nene, na hapo ndipo watu wengi hukosana.

Hayo niliyaona mwaka jana, mvua za masika zilipokwisha. Mzee mmoja, jirani wa shule yetu, alikuwa na pikapu iliyojaa kabichi tangu jioni, tayari kwa safari ya alfajiri. Kulipokucha gari likasema “tak” likanyamaza. Utingo wake ni kijana aliyemaliza darasa la saba shuleni kwetu, na siku iliyotangulia alikuwa ameosha injini kwa maji ili kumpendeza bwana wake. Fundi akaitwa. Akagusa waya huu na huu kwa taa yake ndogo ya kupimia, na taa ikawaka kila mahali. Akasema, “Nyaya ni nzima na betri ni nzima. Stata imekufa, sharti inunuliwe nyingine.” Mzee akamgeukia kijana, akamwambia, “Ni wewe uliyeitia maji ikaungua. Utailipa kwa mshahara wako, kisha uende zako.” Bei ya stata ilizidi mshahara wake wa miezi miwili, naye ndiye aliyekuwa akimlisha mama yake.

Kijana akaja mbio shuleni. “Shikamoo, mwalimu. Nakuomba uje na ile mita uliyokuwa ukitufundishia umeme.” Nikaichukua mita, nikaenda naye.

“Shikamoo, mzee,” nikasema.

“Marahaba, mwalimu. Tazama, gari langu limeuawa na huyu.”

“Huenda ikawa hivyo, mzee. Lakini gari halijaulizwa bado. Niruhusu niliulize.”

Akaniruhusu. Tukahakikisha kwamba gia haikushika na breki ya mkono imevutwa, maana gari liwakapo ghafula laweza kumkanyaga mtu. Nikavua saa yangu ya chuma, maana chuma kikiunganisha vichwa viwili vya betri huwa moto mara moja kikachoma mkono. Tena nikawaomba wavutao sigara wajitenge, kwa kuwa betri hutoa hewa iitwayo haidrojeni, nayo hulipuka.

Betri ikiwa imepumzika ilikuwa na volti 12.6, ndiyo kadiri ya betri iliyojaa. Kijana akazungusha ufunguo, nami nikapima wakati ule ule wa kazi. Betri ikashuka mpaka 11.4 tu, basi haikuwa na kosa. Nikapima waya wa kwendea kwenye stata, toka mwanzo wake hata mwisho wake: 0.2 tu, nao ni mzuri. Kisha nikashika ncha moja ya mita kwenye kichwa hasi cha betri, na ncha ya pili kwenye chuma cha injini kilichokwanguliwa kwa msasa. Kati ya sehemu hizi mbili yafaa pasiwe hata na nusu volti. Mita ikasimama kwenye volti 5. Karibu nusu ya nguvu ya betri ilikuwa ikipotea katika njia ya kurudi, na stata ilibakiwa na volti 6.2 tu. Haikuwa imekufa, ila ilikuwa na njaa.

Fundi akashangaa, akasema, “Lakini waya huo niliupima, na taa ikawaka!” Alisema kweli. Tukakaa kitako tukafanya hesabu, kwa kanuni aliyoitangaza Mjerumani Georg Simon Ohm mwaka 1827: volti zipoteazo katika waya ni ampea zipitazo mara ukinzani wa waya. Waya ule mgonjwa ulikuwa na ukinzani wa kama omu 0.025, yaani sehemu moja ya arobaini ya omu. Taa ndogo ya fundi hutumia kama nusu ya ampea. Nusu mara 0.025 ni volti 0.0125, kitu kisichoonekana kwa macho. Lakini stata huvuta ampea kama 200. Na 200 mara 0.025 ni volti 5 kamili. Waya ule ule ulitosha kwa taa, na haukutosha kwa stata. Taa ya fundi haikusema uongo, ila iliulizwa swali dogo ikajibu swali dogo.

Ili pasiwe na shaka, tukachukua waya mnene wa kuazimia umeme katika gari jingine, tukaufunga toka kichwa hasi cha betri mpaka kwenye chuma cha injini. Kijana akazungusha ufunguo, na injini ikanguruma mara ile ile. Kisha tukaufungua waya wa zamani na kuupasua mpira wake. Ndani mlikuwa na unga wa kijani, na nyuzi nyingi za shaba zilikuwa zimelika na kukatika. Nikamwonyesha mzee, nikamwambia, “Mzee, kutu hii haioti kwa usiku mmoja. Ni kazi ya unyevu na tindikali ya betri kwa muda mrefu. Maji ya jana hayamo katika habari hii.”

Mzee akautazama waya kitambo, asiseme neno. Kisha akamwambia kijana, “Panda, mwanangu, kabichi zinatungoja.” Waya mpya ulinunuliwa siku ile ile, na bei yake haikufika hata sehemu ya kumi ya bei ya stata. Fundi naye hakuona haya kuniomba nimfundishe kutumia mita, na leo anayo ya kwake. Mimi namheshimu kwa hilo.

Ndugu zangu, sikuandika haya ili kila mwalimu awe fundi. Nimeyaandika kwa sababu naona tumezoea kutafuta mkosaji kabla ya kutafuta kosa. Aliyekuwa wa mwisho kugusa kitu ndiye tumkamataye, na mara nyingi ni mdogo asiyeweza kujitetea. Kijana yule aliponea chupuchupu, si kwa huruma ya mtu, bali kwa kipimo cha dakika kumi. Huruma ni njema, lakini ingemwacha na jina baya. Kipimo kilimrudishia jina lake.

Na jambo la pili ni hili: kitu hupimwa kikiwa kazini. Waya usiobeba mzigo huonekana mzima, na betri iliyopumzika huonekana na nguvu. Wenye magari na wayatazame mara kwa mara maungio ya nyaya nene, hasa ule wa kurudi. Wayasafishe vichwa vya betri kwa maji ya magadi, wakianza kufungua upande wa hasi na kuufunga mwisho. Nasi walimu, tunapowafundisha watoto habari za umeme, tusiwape hesabu tupu za ubaoni. Tuwape mita mikononi, wapime wenyewe, wajionee kwamba jambo lililothibitishwa lina nguvu kuliko kelele za watu wengi. Mtoto aliyezoea kupima hatakuwa mwepesi wa kuhukumu.