Thelathini na Sita Nukta Tano

Monita wetu, mkaguzi wa fomu za utafiti, alikuwa mama wa makamo, akija kutoka Dar es Salaam kila baada ya wiki sita. Hakuwa mkali. Aliketi chumba cha mafaili, akaweka fomu ya utafiti na kadi ya kliniki sambamba, akazilinganisha kwa ncha ya kalamu: tarehe ya kuzaliwa, uzito, saa ya dozi, dole gumba la mzazi kwenye fomu ya ridhaa na sahihi ya shahidi kando yake. Vijana tulimwona anatuchelewesha. Ilikuwa mwaka 2011, nami nilikuwa msaidizi wa utafiti mdogo wa dawa ya malaria, nikipita nyumba kwa nyumba kwa baiskeli.

Asubuhi moja aliniita.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Kaa."

Mezani palikuwa na fomu tisa, zote zimefunuliwa ukurasa uleule. Alipitisha kalamu kutoka ya kwanza hadi ya mwisho, akiisimamisha kwenye kisanduku cha joto la mwili. 36.5. 36.5. 36.5. Mwandiko wangu.

"Watoto tisa, kwapa tisa," akasema, "joto moja?"

Nilimweleza kweli. Siku ile kipimajoto kiliisha betri nikiwa nyumba ya kwanza. Kituo kilikuwa mbali, jua limeshapanda, akina mama wameacha shamba kunisubiri. Niliwagusa watoto vipaji vya nyuso kwa mgongo wa mkono, nikawaona wazima, nikaandika. Niliona aibu kurudisha visanduku vitupu.

Hakunigombeza. Alinikumbusha utafiti wa chanjo ya malaria ya RTS,S uliokuwa ukiendelea wakati huo katika vituo 11 vya nchi 7 za Afrika, Bagamoyo na Korogwe vikiwemo. Kule, kwa kipimo chao kikuu, mtoto alihesabiwa ana malaria akiwa na joto la kwapa la 37.5 au zaidi, na vimelea zaidi ya 5,000 katika mikrolita moja ya damu. "Sasa mtoto wa 37.8 ukimwandika 36.5, nani atamtoa damu?" akauliza. "Kwenye hesabu zetu dawa itaonekana imemkinga. Na yeye amelala nyumbani na vimelea vyake."

Nilizoea kujivunia kinga zetu dhidi ya makosa. Slaidi moja ya damu ilisomwa na watu wawili, wakitofautiana anaitwa wa tatu. Makarani wawili waliingiza fomu ileile kila mmoja peke yake, kompyuta ikatafuta tofauti. Lakini 36.5 yangu ingepita kote huko salama, kwa sababu karani wa kwanza angeandika 36.5 na wa pili vilevile. Mitambo hukamata kidole kilichoteleza. Namba ya kubuni huikamata mtu anayesoma fomu huku akimfikiria mtoto. Nimefanya kazi hii miaka mingi tangu hapo, siku hizi kwa tableti, na bado naamini hivyo.

Tulirudi kijijini siku hiyohiyo, mimi na daktari wa utafiti. Nyumba ya sita tulimkuta bibi akipembua mchele, mjukuu amekaa miguuni pake.

"Wiki ile uliyokuja aliugua," akasema. "Usiku alipandwa na homa, tukampeleka zahanati, wakamkuta na malaria. Ila wewe ulimgusa, baba. Na mimi nilimgusa. Alikuwa wa moto."

Hakulalamika. Aliendelea kupembua. Mimi nilishindwa kumtazama yule mtoto, ingawa alikuwa amepona na anachezea pumba.

Jioni nilisahihisha fomu tisa mbele ya monita. Hakuna kufuta, hakuna rangi nyeupe. Mstari mmoja juu ya 36.5, namba ya zamani ibaki ikisomeka, kisha herufi za mwanzo za jina langu, tarehe, na sababu: kipimo hakikufanyika. Taarifa ilikwenda kwa kiongozi wa utafiti na kamati ya maadili. Nilirudishwa mafunzoni, na nikaanza kubeba vipimajoto viwili.

Utafiti uliendelea mwaka mzima baadaye. Kila nilipofika kwa yule bibi, aliinua mwenyewe mkono wa mjukuu wake, akanipisha niweke kipimajoto, kisha akaubana mkono kwa kiganja chake na kunyamaza mpaka kilie.