Swali na Kumbukumbu: Funzo kutoka Upare

Mwaka 1998, nikiwa mwanafunzi wa uzamivu, nilipanda kutoka Same mjini hadi Mbaga, katika Milima ya Upare, kukusanya data za msamiati kwa wazee wazungumzao Chasu na Kiswahili. Nilimwonyesha bibi mmoja picha za vyombo vya nyumbani na vya shambani. Kesho yake nilimwuliza: "Uliliona jembe? Ulikiona kinu?" Alijibu "ndiyo" karibu kila mara, hata kwa vitu ambavyo havikuwamo. Katika daftari langu niliandika: kumbukumbu imefifia.

Siku iliyofuata nilibadili jaribio. Niliweka picha mbilimbili, moja aliyokwisha kuiona na nyingine mpya, nikamwomba achague ile ya awali. Alipatia karibu zote. Nilipomwuliza kuhusu zile "ndiyo" za jana, alicheka: "Mwanangu, picha ni zako. Ukisema 'uliliona', mimi ni nani nikukatalie?"

Green na Swets walikwisha kuonyesha mwaka 1966 kwamba jibu la "ndiyo" hubeba mambo mawili: nguvu ya kile kinachotambuliwa, na kiwango cha uhakika ambacho mjibuji hukitaka kabla ya kukubali. Heshima kwa mgeni hushusha kiwango hicho bila kuigusa kumbukumbu. Penye kuchagua moja kati ya mbili, uelekeo wa kukubali tu haumwongozi mtu popote.

Lililoniumiza zaidi ni la kiisimu. Mwaka 1975 Loftus na Zanni walibaini kwamba watazamaji wa filamu ya ajali, walipoulizwa kwa kibainishi dhahiri cha Kiingereza, walikubali mara nyingi zaidi kuwa wameona vitu ambavyo havikuwamo. Kiswahili hakina kibainishi hicho, lakini kina kiambishi cha yambwa. "Uliona jembe?" huuliza tu; "Uliliona jembe?" hudokeza kwamba jembe lilikuwapo.

Sidai kwamba kiambishi peke yake ndicho kilichozaa majibu yale; heshima nayo ilikuwapo. Wala njia ya kuchagua haikosi kasoro, kwani humnyima mjibuji nafasi ya kusema "sijui". Ninalosisitiza ni kwamba tunapochapisha majibu ya watafitiwa, tuchapishe pia swali lenyewe, neno kwa neno. Daftari lile bado ninalo. Hukumu yangu nimeipiga mstari, na kando yake nimeandika swali nililouliza.